Ufunguo wa Choo cha Orofa ya Tatu

Siku tuliyomzika mama, Mama Precious alipewa maikrofoni akakataa kuiachilia. Alilia vizuri, kwa leso safi, bila kamasi. Alisema yeye na Mama Mwende walikuwa kama dada wa tumbo moja, kwamba nyumba ya mmoja ilikuwa nyumba ya mwingine, kwamba marehemu aliketi kwake kama anavyoketi mtu kwake. Aliposema "aliketi" nilimtazama. Yeye hakunitazama. Mimi ndiye Mwende. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na sijui kusema mbele za watu; ulimi wangu hukwama kama zipu mbovu, kwa hivyo tangu darasa la sita maneno yangu huishia kwenye shajara. Siku ile pia hayakutoka. Mwongoza ratiba alipouliza kama binti ana neno, nilitikisa kichwa, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema maskini, huzuni imemzidi. Haikuwa huzuni. Huzuni nilikuwa nimeiacha nyumbani, nikaja pale na hasira peke yake. Watu wananiambia nisamehe kwa kuwa mama mwenyewe amepumzika. Wao hawakumwona akikataa maji.

Mwaka ninaousema nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, na tuliishi Kware, mtaa wa Nairobi, chumba kimoja orofa ya tatu, katika jengo refu lililobanana na majengo mengine marefu, hata jirani wa upande wa pili akikatakata vitunguu macho yanayowasha ni yetu. Pazia liligawa chumba: nyuma kitanda, mbele makochi mawili ambayo mama alitengenezewa na fundi wa Kariobangi, na juu ya makochi vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe. Alivifua kila Ijumaa, akavitia wanga vikasimama. Choo kilikuwa mwisho wa ujia, kimoja kwa milango yote ya orofa, na kilikuwa na kufuli. Kila nyumba ilikuwa na ufunguo wake na zamu yake ya kuosha, na kulikuwa na sheria ambayo hata mtoto aliijua: mgeni hutumia ufunguo wa mwenyeji wake. Ukimpa ufunguo mgeni wa jirani, choo kikichafuka, zamu ya kuosha inahamia kwako. Kwa hivyo hakuna aliyetoa. Nimewahi kuona mwanamume mzima, na tai shingoni, akikanyaga mguu huu na huu pale ujiani, milango ikifunguka kidogo na kufungwa. "Mgeni wa nani?" "Wa kina Oti." "Basi ngojea kina Oti." Tulicheka sana siku hiyo, mimi na mama. Wakati huo kucheka kulikuwa bado kitu cha bure.

Jumamosi alasiri jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilizunguka nyumba kwa nyumba. Wanawake waliingia na rozari na njaa, wakaketi wawili wawili pale panapoketi mmoja, wakasali, wakasoma, kisha chai na mandazi, kisha habari zenyewe ambazo ndizo zilizowaleta. Mama ndiye aliyeanzisha nyimbo. Hakuwa na cheo. Alikuwa na sauti tu, ile ya kutoka tumboni, na mtu akianza wimbo juu sana mama aliushusha mahali pake bila kumwaibisha. Nilikuwa nakaa karibu na mlango, nikishika thermosi, nikisikiliza. Hapo ndipo mahali pekee nilipokuwa najivunia kuwa mtoto wa mtu.

Siku yenyewe tulikuwa kwa Mama Precious, kiongozi wa jumuiya, jengo la ng'ambo ya barabara. Alikuwa na bedsita, chumba kimoja chenye choo chake ndani, na alikitaja choo hicho jinsi wengine wanavyomtaja mtoto aliye Amerika. Mtu mmoja alisimulia vile katekista alivyosinzia akiwa amepiga magoti, akaamka katikati ya sala akasema "nashukia hapa." Mama alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho. Tuliposimama kwa sala ya mwisho, pale alipokuwa ameketi palikuwa na duara, pana, kwenye kitambaa na kwenye mto wa kochi.

Hakuwa amehisi. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyeamini, na kwa siku chache hata mimi sikuliamini.

"Ai, Mama Mwende, umemwaga chai?" Mama Precious aliuliza, na kikombe cha mama kilikuwa mezani, kimejaa.

"Nitakifua," mama alisema. "Nipe nikifue, Mama Precious. Nipe na mto."

"Wacha tu. Wee wacha. Nenda ujibadilishe, mama."

Hakumpa. Aliutoa ule mto akautundika kwenye reli ya roshani yake, upande unaotazama ujia wetu. Jua la Nairobi hukausha mto kwa siku moja. Ule ulikaa juma zima. Kila nikitoka kwenda shule niliuona, mwekundu mzito, rangi ya damu ya mzee, na alama yake katikati, na kila aliyepita barabarani akiuliza ni wa nini kulikuwa na mtu wa kumjibu. Nikiteka maji kule chini nilisikia majibu hayo. Walinyamaza waliponiona, lakini si mapema vya kutosha. "Mtu mzima hajikojolei bure, kuna kitu alifanya akiwa msichana." "Ni mimba alitoa." "Aki usiseme hivyo, mtoto wake yuko hapo." "Si nasema tu. Damu ya mtoto hurudi." Nilijaza mtungi hadi ukafurika nikaubeba hivyo hivyo, maji yakinimwagikia mgongoni, na sikusema kitu. Nimeandika hapa kile nilichosikia ili isije ikasemwa kwamba nilibuni.

Jumamosi iliyofuata, nyumba nyingine, tulikuta kiti cha plastiki karibu na mlango. Makochi yalikuwa na nafasi. "Mama Mwende, keti hapa, upate hewa," mwenyeji alisema, kwa sauti tamu ya mtu anayekufanyia hisani. Mama akaketi. Nyumba iliyofuata, kiti cha plastiki. Iliyofuata, hicho hicho, nadhani walikuwa wakikibeba kutoka nyumba hadi nyumba, maana kilikuwa na ufa ule ule mguuni. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana ningepata cha kuchukia. Walimwekea tu kiti, na sauti ya mama ikaanza kuingia ndani, wimbo ukianza juu sana hakuushusha tena.

Alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: aliacha kunywa. Aliamini maji yasipoingia hayatatoka. Nilimwekea kikombe cha chai asubuhi nikarudi kutoka shule nikakikuta na utando mweupe juu. Chakula nacho kilimkalia tumboni. Angekula ugali wa wimbi na kunde leo, na siku nyingi zipite bila haja kubwa, tumbo limekuwa gumu kama ngoma, halafu ghafla, tukiwa tumeenda kununua mboga, ingemjia bila kubisha hodi. Siku moja ilimjia hivyo, akanishika mkono akaniambia, "Tembea nyuma yangu, karibu, usiache mtu apite katikati." Nikatembea nyuma yake namna hiyo hadi nyumbani, nikiwa ukuta. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, hilo tulijua, alimeza vidonge vyake akikumbuka. Ila kisukari tulichojua sisi ni cha kiu na vidonda vya miguu. Hakuna aliyetuambia kwamba kinaweza kushuka huku chini.

Alipopata homa na kutetemeka, nikamfungia nguo mbili kiunoni na kumpeleka kituo cha afya. Daktari alikuwa msichana, si mkubwa kwangu sana, na viatu vya raba. Alimtuma akakojoe, kisha akampaka kitu baridi tumboni, akaangalia kwenye kioo cha mashine ya picha. "Mama, umekojoa sasa hivi?" "Nimemaliza kabisa." "Hujamaliza. Kibofu chako bado kimejaa." Mama akaona ametukanwa, mpaka yule msichana akavuta kiti akaketi karibu naye.

"Unajua lastiki ya nguo ya ndani ikivutwa kila siku?" akamwuliza. "Inalegea. Kibofu ni mfuko wa msuli, na msuli huo hauamriwi kama wa mkono. Unafanya kazi yake kwa habari zinazoletwa na mishipa ya fahamu. Sukari ikizidi kwenye damu miaka mingi inaiharibu ile mishipa. Basi kibofu kinajaa na wewe huambiwi. Kinavutika, kinalegea, kikiminya hakitoi yote. Yale yanayobaki yanaoza, ndiyo homa hii. Na yanayozidi yanamwagika, ukicheka, ukikohoa, ukiinuka. Matumbo ni hadithi hiyo hiyo, nayo ni misuli ya namna hiyo. Yanalala, yanaamka yanapotaka."

Mama alijifuta tumbo kwa leso. Kisha akasema, "Kwa hivyo si kitu nilifanya."

"Ulifanya nini?"

"Wanasema kuna kitu nilifanya."

"Ni sukari, mama. Basi."

Nilitazama ukuta. Muhula ule ule mwalimu wa Biolojia alikuwa ametuchorea misuli laini ubaoni, ile isiyongoja amri, nikaikariri, nikapata alama nzuri, bila kujua nilikuwa nasoma habari za mama. Yule daktari alimpa dawa ya homa, akamwambia anywe maji kama kawaida, asithubutu kuyaacha, ashike sukari yake, na aende choo kwa saa, si kwa kuhisi. Kila baada ya saa tatu, ahisi asihisi. "Keti, usichuchumae ukiwa na haraka. Kojoa. Ukidhani umemaliza, ngoja. Inama mbele kidogo. Kojoa tena. Usikubali mtu akuharakishe." Mama akanunua kiti cha choo cha plastiki cha kubeba, na akaniambia nimwekee kengele kwenye simu. Nikaweka sauti ya jogoo kwa sababu hakuna jogoo Kware na asingeichanganya na kitu kingine.

Homa ilipoisha, Mama Precious akabisha mlango. Hakuingia ndani kabisa. Alisimama kwenye kizingiti, macho yakipita juu ya makochi yetu. "Tumsifu Yesu Kristo. Mama Mwende, tumeketi kama jumuiya, tukaona zamu yako ya kutukaribisha wiki ijayo tuipishe. Upumzike. Na nyimbo, Mama Shiku amekubali kuzishika kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka utakapokuwa sawa."

"Hii haiponi, Mama Precious. Inafuatwa tu kwa saa. Jumamosi mtakuja kwangu."

"Sijui kama watu watakubali kuja, si unaelewa. Watu wanaangalia mahali pa kuketi."

Alipoondoka mama alikaa na mikono mapajani. Niliona kwamba wasipokuja mara hii hawangekuja tena, na kwamba mwanamke ambaye jumuiya haimwingii nyumbani hana atakayemjua Kware, hata akiugua, hata akifa. Hapo ndipo nilipoanza kupanga. Sikuomba ushauri wa mtu, wala wa Mungu, na namshukuru hakunipa.

Walikuja. Walikuja wote, kwa udadisi. Nilikuwa nimefua vitambaa mwenyewe. Mama aliketi kwenye kochi lake, kati ya wanawake wawili waliojikunja mbali naye. Mama Precious aliingia mwisho na viatu vyake vya kisigino, akatazama kochi, akatoa leso kwenye mkoba, akaitandika juu ya kitambaa cha mama, ndipo akaketi. Niliona mama akiitazama ile leso. Nikasema moyoni, haya.

Nilikuwa nimepika chai ya maziwa sufuria kubwa, nikaitia tangawizi ili iwapendeze, na mandazi niliyatia chumvi kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Nilipasua matikiti maji mawili. Kila kikombe kilipoinuliwa nusu nilikijaza. "Mwende ni msichana mzuri," walisema. "Hasemi lakini ana mikono." Nikawaongezea. Ufunguo wa choo ulikuwa ndani ya soksi yangu, ukinichoma kisigino. Mvua ya masika ilikuwa imeanza tangu somo la kwanza, ile inayopiga mabati hadi msomaji akaacha kusoma, na barabara yetu ikinyeshewa inageuka mto wa matope na maji ya mitaro ambayo hakuna anayevuka na viatu vya kisigino.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Mama Shiku. Mama akanitazama. "Ufunguo umepotea," nikasema. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi tangu Alhamisi, na yalitoka bila kukwama hata kidogo.

"Umepotea namna gani?" mama akauliza.

"Tangu asubuhi."

Mama Shiku akaenda kubisha milango. Tulimsikia. "Mgeni wa nani?" "Wa Mama Mwende." "Basi akupe yeye." Akarudi, akaketi kando kando. Sala za maombi zikaanza, na ilikuwa desturi kila mmoja atoe nia yake. Sijawahi kusikia nia fupi vile. Waliombea wagonjwa kwa neno moja. Miguu ilikuwa imefungwa fundo chini ya vitenge. Mama Precious alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, uso una jasho, na mara nne aliangalia dirishani, akaona barabara, akaacha. Nilimjazia kikombe chake. "Hapana, asante, mtoto." Nikamjazia tu.

Ndipo jogoo akawika.

Sikuwa nimeisahau kengele. Nilikuwa nimejiambia nitamtoa mama kabla, nikimnong'oneza, lakini sala zilikuwa zinaenda mbio nami nilikuwa nimelewa furaha. Mama akazima simu. Akainuka mbele ya wote, akasema kwa ile sauti ya kutoka tumboni, "Saa yangu ya choo imefika. Mwende, ufunguo."

Nikainama, nikashusha soksi, nikamtolea. Wote waliuona, na wote walielewa. Ningeweza kufa kwa haya siku nyingine yoyote. Mama aliutazama ufunguo, akanitazama mimi, akatazama vikombe. Hakuniuliza kitu. Alichukua ndoo yake ya maji na kile kiti chake cha kubeba, akatoka polepole, na jumuiya nzima ikamfuata ujiani kama maandamano.

Alifunga mlango wa choo kwa ndani. Tukasikia mkojo wa kwanza. Tukasikia kimya. Kimya kikaendelea.

"Mama Mwende," Mama Precious akasema, mdomo kwenye mlango, "fanya haraka kidogo, tafadhali."

"Daktari alikataza haraka," mama akajibu. "Wa kwanza umetoka. Nangoja wa pili."

"Tutakusubiri, lakini wengine..."

"Kibofu changu kimelegea, Mama Precious. Msuli wake haunisikii. Unataka subira."

Halafu akaanza kuimba. Wimbo ule mrefu wa kutoa sadaka, beti zote, na kiitikio mara mbili baada ya kila ubeti, taratibu, kila noti mahali pake. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo miezi mingi. Wanawake walisimama ukutani wameuma midomo, na mmoja, sijui kama ni mazoea au wazimu, akaanza kuitikia. Kwenye ubeti wa nne hivi Mama Precious akasema "woi," chini chini, kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha jikoni. Kisha hakusema tena. Sote tuliangalia sakafu, tukaona maji yakitoka kwenye kiatu chake cha kisigino, yakifuata mteremko wa ujia kuelekea ngazini. Yeye alihisi kila tone. Hiyo ndiyo tofauti yake na mama, na niliipenda tofauti hiyo.

Mama alimaliza wimbo, akamwaga maji, akafungua. Aliona. Nilidhani atavua leso yake amfunge kiunoni, kwa kuwa mama alikuwa hivyo, na moyo wangu ulikuwa unamwomba asifanye. Aliegemeza ndoo ukutani, akachukua tambara la kupigia deki kwenye msumari wake, akamnyooshea Mama Precious.

"Choo ni zamu yetu wiki hii, nitakiosha," alisema. "Hapo uliposimama ni pako."

Mama Precious akalipokea. Akainama na nguo yake iliyolowa akapiga deki, na wenzake wakampita mmoja mmoja kuingia chooni, wakiruka mkono wake. Sikumsaidia. Mtu akiniuliza kama ilikuwa sawa nitamwambia aniulize kwanza juu ya ule mto uliokaa juani wiki nzima.

Hatukuwahi kuzungumza juu yake, mimi na mama. Jioni ile mama aliutundika ufunguo mahali pake, akasema mandazi yalikuwa na chumvi. Jumamosi iliyofuata tulienda kwa Mama Shiku. Mama hakungoja kuonyeshwa. Alienda moja kwa moja kwenye kochi lenye kitambaa kilichopigwa pasi, akaketi kwa uzito wake wote, akaegemea. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi na hakuna aliyesogea kumkwepa. Si kwamba walikuwa wamempenda. Walikuwa wanamwogopa, na mimi pia kidogo kupitia kwake, na nimeona tangu wakati huo kwamba hofu hutunza adabu kuliko mahubiri. Wimbo ukaanza juu sana, akaushusha. Chai ilipokuja alikunywa kikombe kizima, hadi mashapo, nao wakimtazama koo likipanda na kushuka. Kisha akakiinua kikombe kitupu juu ya kichwa cha aliye mbele yake, bila kugeuka kuangalia ni nani aliyeshika thermosi upande ule.

"Niongezee," alisema.

Aliyeishika alikuwa Mama Precious. Akammiminia mpaka kikajaa.